Koboko na sanduku la kufuli tatu: Uongozi hujifunzwa wapi?

UKITOKA jijini Arua kwa barabara ya lami inayoelekea kaskazini, unapita wilaya ya Maracha, na baada ya mwendo wa kama saa moja unaingia Koboko. Hapo njia zinagawanyika. Ukiendelea kaskazini unafika Oraba, na ukivuka mpaka upo Kaya, Sudan Kusini. Ukigeuka magharibi, Kongo ipo karibu kiasi kwamba baiskeli inatosha kukufikisha. Mashariki ni Yumbe. Mahali panapoitwa Salia Musala ndipo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana.

Kwa mfanyabiashara, hapa ni mahali pa riziki. Simenti, sabuni, unga na magodoro vinatoka Uganda kwenda ng'ambo. Mawese, mbao na kahawa vinakuja kutoka Kongo. Kwa upande mwingine, hapa ni mahali ambapo watu wameondoka na kurudi mara nyingi kuliko wanavyopenda kukumbuka. Mimi mwenyewe nililetwa nikiwa mtoto kutoka upande wa Zaire, nikifuata mzigo wa mama yangu.

Nimekaa na waliorejea, nimekaa na wauzaji wa mpakani, na malalamiko yao yanafanana. Hawasemi kwanza kwamba hawana mtaji. Wanasema hawana wa kumkabidhi mtaji. Kikundi kilivunjika kwa sababu mweka hazina aliondoka na fedha. Shule haina madawati na hakuna anayejua ruzuku ilikwenda wapi. Shamba la baba lina mtu mwingine, na mwenyekiti aliyegonga mhuri hakuuliza majirani. Yote hayo ni maswali ya uongozi.

Makala haya yanauliza jambo moja: kiongozi mzuri wa biashara, wa shule na wa kijiji anapatikana wapi katika sehemu kama yetu? Jibu ninaloliona ni kwamba hatoki mbali. Anafundishwa na kanuni anazokubali kubanwa nazo, na Koboko tunazo shule za namna hiyo, ila hatuziiti shule.

Jinsi uongozi ulivyovunjika

Ni vizuri kukumbuka tulikotoka. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka Aprili 1979, watu wa West Nile walianza kukimbilia Sudan na Zaire. Wengi zaidi walikimbia mwaka 1980 na 1981, majeshi ya serikali mpya yalipolipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliojificha katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Kumbukumbu ya siku hiyo bado ni nzito kwa familia nyingi.

Watu walipotawanyika, mamlaka nayo yalitawanyika. Matat, yaani chifu wa Wakakwa, na opi wa Walugbara walijikuta kambini, wakipanga foleni ya chakula sawa na watu waliowaongoza. Katika kambi, kiongozi akawa yule aliyejua kusema na ofisa wa msaada. Wengi walirudi kuanzia katikati ya miaka ya 1980, wakakuta mfumo mpya wa mabaraza ya vijiji ulioletwa na serikali iliyoingia madarakani mwaka 1986. Mzee aliyekumbuka mipaka ya mashamba hakuwa kwenye baraza, na kijana aliyekuwa kwenye baraza hakuikumbuka mipaka.

Kisha zamu ikageuka. Wasudani walikimbilia kwetu, wakarudi kwao baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, wakashangilia uhuru wa nchi yao tarehe 9 Julai 2011, na wakalazimika kukimbia tena baada ya vita kuanza Desemba 2013 na kuzuka upya Julai 2016. Kambi ya Bidibidi iliyofunguliwa Yumbe Agosti 2016 ilipokea watu zaidi ya 200,000 katika miezi michache tu. Lobule, ndani ya wilaya ya Koboko, inapokea Wakongo tangu mwaka 2013. Hivyo neno "aliyerejea" hapa lina maana nyingi, na huenda mtu mmoja akawa mkimbizi, mwenyeji na mrejea katika maisha yake mafupi.

Biashara: sanduku, likelemba na funguo

Mwanamke wa Sudan Kusini akisema "sanduk", haongelei sanduku la nguo. Anaongelea mchezo wa fedha, ambapo kila mmoja huchanga na mmoja hupokea kwa zamu. Wakongo huita likelemba. Sisi huku tulikuwa na michezo kama hiyo kabla ya mradi wowote kufika. Udhaifu wake ni mmoja. Anayepokea kwanza akivuka mpaka asirudi, walio mwishoni hawana pa kumshtaki.

Mwaka 1998 shirika la CARE lilileta West Nile, kupitia mradi ulioitwa JENGA, mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa ambao ulikuwa umeanza kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991. Kutoka hapa kwetu mtindo huo ulisambaa sehemu nyingi za Uganda. Wengi tunaujua kwa sura yake: sanduku la bati lenye kufuli tatu, mduara wa watu, na vitabu vidogo vya wanachama. Wachache hukaa wakafikiri kwa nini uliundwa hivyo.

Tazama namna unavyofanya kazi. Wanachama, kwa kawaida kati ya 15 na 30, wanaandika katiba yao wenyewe kabla ya kuweka hata shilingi moja. Wanachagua mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili. Mtunza sanduku hukaa na sanduku lakini hana ufunguo. Funguo tatu wanapewa watu watatu ambao hawamo katika kamati. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya mkutano. Kila mwanachama hununua hisa, kuanzia 1 hadi 5 kwa kila kikao, na kila hisa hugongwa mhuri katika kitabu chake, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake. Kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki hutangazwa kwa sauti na wanachama hutakiwa kukikumbuka. Kikao kinachofuata huanza kwa kuwauliza.

Fanya hesabu kidogo, msomaji. Kikundi cha watu 25, hisa moja shilingi 2,000, kila mmoja akinunua hisa 5 kila wiki, kinaweka shilingi 250,000 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni shilingi milioni 12 na nusu. Fedha hizo zipo katika nyumba ya mtu, penye mlango wa mbao na kitasa cha kawaida. Kinachozilinda ni kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuzifikia peke yake, na kila mtu anajua ni kiasi gani.

Hapa ndipo mafunzo ya uongozi yalipo. Mwenyekiti wa kikundi cha namna hii anajifunza kuongoza akiwa amefungwa mikono kwa hiari yake. Hawezi kumkopesha shemeji yake usiku. Hawezi kusema "nitawaambia wiki ijayo". Akikopa, anakopa kwa kipimo kilekile, ambacho katika vikundi vingi hakizidi mara tatu ya akiba ya mtu. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi 9 hadi 12, kila kitu kinagawanywa na uchaguzi unafanyika upya. Kiongozi aliyeshindwa anaondoka bila vita, kwa sababu kalenda ndiyo iliyomwondoa.

Zipo kazi ngumu zaidi. Koboko ina Waislamu wengi, na wapo wasiotaka kugusa riba. Mwenyekiti asiye na busara atasema kanuni ni kanuni. Mwenye busara hulileta jambo hilo mezani siku ya kuandika katiba, kabla mtu hajakopa, na kikundi huamua chenyewe: wengine hukopeshana bila nyongeza, wengine hubaki na akiba na mfuko wa jamii peke yake. Mfuko wa jamii ni ule mchango mdogo wa msiba, ugonjwa au moto. Mama mmoja muuza samaki wakavu aliniambia kwamba watu huwapima viongozi wa kikundi chake kwa mfuko huo kuliko kwa mikopo, "kwa sababu siku ya msiba huwezi kuambiwa ungoje."

Mipaka ilipofungwa kwa abiria Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19, wanunuzi wa ng'ambo hawakuja na bidhaa zilikwama. Jaribio la namna hiyo halihitaji hotuba. Linahitaji mtu wa kuita kikao, kusoma madaftari, na kupendekeza marejesho yasogezwe mbele kwa wote badala ya kwa marafiki. Mwaka 2025 lilikuja jingine, Shirika la Chakula Duniani lilipopunguza sana idadi ya wakimbizi wanaopewa chakula nchini Uganda kwa kukosa fedha. Msaada ukipungua, sanduku ndilo linalobaki, na anayelisimamia anabeba mzigo mkubwa kuliko jina la cheo chake.

Tusisahau pia kwamba vipaji vya kuongoza havijawahi kukosekana West Nile. Katika miaka ya 1980 na 1990, vijana wa Arua, wengi wao waliorudi kutoka uhamishoni bila shule wala kazi, waliuza kando ya barabara petroli ya magendo iliyoletwa kwa jerikeni kutoka Zaire. Watu waliwaita OPEC Boys, kwa jina la umoja wa nchi zinazouza mafuta. Mtafiti wa Kibelgiji, Kristof Titeca, ameandika jinsi walivyokuwa na viongozi wao na ushawishi ambao wanasiasa hawakuweza kuupuuza. Ilikuwa biashara ya kukwepa sheria, lakini mpangilio wao unaonyesha kwamba kijana aliyekosa cheti anaweza kuwaongoza wenzake mamia. Swali ni nani anampa njia ya halali.

Njia hiyo siku hizi ipo kwa kiasi fulani. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Kanuni za Jumuiya zinamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizotengenezwa au kulimwa ndani ya nchi wanachama, kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa badala ya karatasi za waagizaji wakubwa. Kusema kweli, kanuni ni kitu kimoja na kizuizi cha kamba barabarani ni kitu kingine. Ndiyo maana mwenyekiti wa chama cha wauzaji wa mpakani ana kazi. Aulize orodha ya bidhaa kwa maofisa, aisome kwa sauti kwa Kiswahili, Kikakwa na Kiarabu cha Juba, na aende na muuzaji mpya mara ya kwanza. Kiongozi anayeificha orodha ili watu wamtegemee ni dalali tu.

Shule: ubao wa matangazo

Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997. Kabla na baada ya hapo lilitokea jambo ambalo linazungumzwa hadi leo katika vyuo vya dunia. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipata, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotumwa kwa ajili ya mahitaji yasiyo mishahara. Zilizobaki ziliishia njiani, zaidi mikononi mwa wakubwa wa wilaya. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila fedha iliyotumwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi walichopokea. Mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Wataalamu wanabishana kuhusu uzito wa tangazo peke yake, maana yalikuwepo mageuzi mengine wakati huohuo. Hata hivyo, mzazi yeyote anaelewa tofauti kati ya fedha anayoijua na fedha asiyoijua.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mwalimu mkuu, anza na ubao wake wa matangazo. Je, kiasi cha muhula huu kimeandikwa? Je, kamati ya shule, ambayo kisheria ina wawakilishi wa wazazi, imeketi, na kumbukumbu za kikao zipo? Wazazi wengi waliorejea hukaa nyuma katika mikutano hiyo kwa sababu Kiingereza kinawashinda. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Wakati tukingoja walimu wa kutosha, mwenyekiti wa kamati anaweza leo hii kuagiza kila jambo litafsiriwe kabla ya kura kupigwa. Haigharimu chochote isipokuwa muda.

Watoto nao wanaangalia. Kiranja aliyechaguliwa kwa kura za wenzake, akapewa kazi ya kweli kama kusimamia zamu za maji au kuhesabu vitabu vilivyoazimwa, anajifunza uongozi. Kiranja aliyeteuliwa ili apige wenzake fimbo anajifunza kitu kingine, na tutakuja kukutana naye ofisini baada ya miaka 20. Yupo pia mtoto aliyesoma kwa Kifaransa ng'ambo, akashushwa madarasa mawili aliporudi. Shule yenye uongozi humpa mwenzake wa kumsaidia, na yeye humfundisha mwenzake hesabu, kwa kuwa hesabu hazina mpaka.

Kijiji: mhuri na mipaka ya shamba

Nenda kijijini ukutane na mwenyekiti wa baraza la ngazi ya kwanza. Hana mshahara wa kutajika, lakini ana mhuri, na bila mhuri huo hupati barua ya kufungulia akaunti wala ya kuuzia kiwanja. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mabaraza ya vijiji na parokia yaliyochaguliwa mwaka 2001 chini ya mfumo usio wa vyama hayakuwa halali tena. Uchaguzi mwingine ulifanyika Julai 2018, wananchi wakipanga mstari nyuma ya wagombea wao. Kwa miaka 11, basi, makubaliano ya ardhi yaligongwa mhuri na watu ambao uhalali wao ulikuwa na shaka. Nyingi ya kesi tunazoziona zina mizizi humo.

Aliyerejea kutoka Yei au Ariwara akikuta shamba la marehemu baba yake limelimwa, anahitaji watu watatu: mwenyekiti mwenye daftari, mzee anayekumbuka mti wa mpaka, na mwanamke wa boma la jirani aliyelima hapo miaka yote na hakuulizwa kamwe. Katiba ya mwaka 1995 inataka angalau theluthi moja ya viti katika mabaraza ya serikali za mitaa viwe vya wanawake. Theluthi hiyo ikikaa kimya haina faida. Mwanamke aliyezoea kusimama kila wiki mbele ya mduara na kusema "hesabu haikubali, turudie" ni vigumu kumnyamazisha katika kikao cha ardhi. Nimeona viongozi wa vijiji wanaotoka moja kwa moja kwenye vikundi vya akiba, na ndivyo ninavyoamini daraja linavyojengwa.

Wakimbizi katika makazi nao wana mabaraza yao ya ustawi, ambayo viongozi wake huchaguliwa na wakimbizi wenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea. Kisima kikiharibika katikati ya makazi na kijiji cha wenyeji, hakuna baraza linaloweza kukitengeneza bila jingine. Hilo tulipaswa kulijua tangu tarehe 24 Desemba 2002, wapiganaji wa UNRF II walipotia saini amani na serikali mjini Yumbe, baada ya wazee, viongozi wa dini na wanawake kushawishi pande zote mbili kwa muda mrefu. Kazi yao haikuwa na bunduki wala bajeti kubwa. Walikuwa na uvumilivu wa kuketi tena na tena.

Mambo ya kuanzia

Semina za uongozi za hotelini ni nzuri, na chai yake ni tamu. Lakini mwenye kikundi, shule au kijiji anaweza kuanza bila kualikwa. Kwanza, tenganisha anayetunza fedha na anayeshika ufunguo. Pili, kila kiongozi awe na makamu anayejua kazi nzima. Hapa kwetu mtu anaweza kuvuka mpaka asubuhi na akashindwa kurudi mwezi mzima. Tatu, ukomo wa uongozi uandikwe siku ya kwanza, wakati bado hakuna anayemchukia mwenzake. Nne, hesabu isomwe kwa lugha ambayo wengi wanaisikia. Tano, mgeni aliyerejea asingoje miaka mitatu ndipo aaminiwe. Apewe kazi ndogo inayoonekana, kama kuhesabu fedha akiwa wa pili, na watu wamwone.

Kwa vikundi vinavyokua na kutaka kuwa vyama vya akiba na mikopo, sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha imeweka masharti ya usajili na usimamizi. Yafuateni, hata kama njia ya ofisi ni ndefu. Jina kubwa bila hesabu iliyokaguliwa limewaliza wengi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Koboko tumekuwa wageni na wenyeji kwa zamu, kwa hiyo tunazijua pande zote za methali hiyo. Wiki hii, kikundi chako kikikutana, muulize mwenyekiti maswali mawili mbele ya wote: tuna shilingi ngapi, na wewe usipokuwepo nani anaendesha kikao? Akijibu bila kukasirika, mpe muhula mwingine. Akikasirika, ujue ni nani hapaswi kukaa karibu na ufunguo.